Boya la Philbert

Sikio la kushoto la Philbert Laronde lilipasuka mwezi wa Novemba, akiwa bado anashuka majini kukagua boya lake la tatu. Nesi alimkataza kabisa kupiga mbizi tena. Philbert akaitikia, akaenda zake, akamwambia mkewe Ursuline peke yake. Katika ghuba ile, mwenye maboya asiyeweza kuyazamia hana kazi, na wageni wote wangehamia kwa Alwin, mwenye maboya mwenzake, siku hiyohiyo.

Maboya hayo ya kufungia boti za wageni aliyatengeneza mwenyewe: chini injini ya lori bovu, kisha mnyororo, kisha kamba, na dumu la plastiki juu. Kila msimu wa vimbunga ukiisha, sharti mtu ashuke aone mnyororo umelika kiasi gani. Mwaka ule Philbert hakushuka tena. Alijiaminisha kwamba mnyororo ni mzima, kwa kuwa ndivyo alivyotaka uwe.

Januari, asubuhi, ikaingia boti ya matanga ya wazee wawili wa Kiholanzi, Wim na mkewe Hanneke. Philbert akawasha boti yake ndogo, akamtangulia Alwin.

"Endelea kulala, kaka! Hawa wangu!"

"Wachukue!" Alwin akajibu. "Ila siku moja na wewe ulowe, basi. Tangu Krismasi umekauka kama chewa wa chumvi wa dukani!"

Philbert alicheka kupita kiasi. Akawaelekeza wageni kwenye boya la tatu, akampa Wim kamba. Wim aliishika tu, hakuifunga.

"Umelizamia hili?"

"Juzi tu, Kapteni. Hapo hata meli inalala."

"Basi nanga ya nini," Hanneke akasema, akampa Philbert bilauri ya maji ya ndimu. Philbert akayanywa bila kumtazama, akarudisha bilauri.

Siku ya pili mawimbi makubwa ya kaskazini yakaingia ghubani mchana kweupe. Philbert, akiwa gatini, akaiona boti ya Waholanzi ikirudi nyuma huku dumu bado limefungwa mbele yake. Mnyororo ulikuwa umekatika.

"Nanga!" akapiga kelele. "Kapteni, tia nanga!"

Wim alikuwa bado anahangaika nayo boti ilipopanda miamba iliyo chini ya kanisa. Ikalala ubavu, ikamtupa, ikambana na jiwe. Alwin ndiye aliyejitosa akamtoa, lakini Wim alikuwa ameshakufa.

Watu wakajaa gatini, akaja na polisi mwenye daftari. Hanneke alikalishwa juu ya kreti ya ndizi, kafunikwa taulo la mtu. Alwin akaja akichuruzika maji, akasimama uso kwa uso na Philbert.

"Mwambie polisi, bwana. Lile boya ulilizamia lini?"

Ursuline akaangalia chini. Philbert alitaka kusema kweli. Tusimdhulumu, alitaka, na neno lilikuwa limeshamfika mdomoni.

"Mwacheni," Hanneke akasema. "Alilizamia. Alituambia mwenyewe. Ni bahari tu." Akauchukua mkono wa Philbert, akaufumbata kwa mikono yake miwili iliyokuwa baridi.

Polisi akainua kalamu. "Ni kweli, Laronde?"

"Nililizamia mara mbili," Philbert akasema.