Mfuko wa Bio

Shemeji yangu Klementi akipata neno jipya hapati usingizi mpaka Kiranjeranje nzima ilisikie. Mwaka huu alilipata kwa muuza dawa mmoja aliyekuja na pikipiki, tai shingoni, mikorosho ndiyo kwanza inachanua.

"Bio ni Kigiriki, wazee wangu," alisema yule bwana. "Maana yake uhai. Salfa mnayopulizia mikorosho ni sumu. Hii ni Bio-Korosho!"

Wengine tukauliza kama hiyo Bio inazuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Klementi akatuonea aibu. Alibadilisha salfa yote ya nyumbani kwake kwa mifuko ya Bio, na toka siku hiyo hatukupumua. Kuku wake wakawa bio-kuku. Chai isiyo na sukari ikawa bio-chai. Padri alipohubiri uzima wa milele, Klementi akamnong'oneza jirani, kanisa zima likasikia: "Hapo Wagiriki wanasema bio."

Tungecheka tu yakaisha, lakini mikorosho si yake. Ni ya dada yangu Romana, aliirithi kwa mama yetu, na korosho za mwaka huu ndizo zingempeleka binti yao Theresia chuo cha uuguzi. Romana aliililia salfa yake.

"Mke wangu, unataka kuua?" akajibiwa.

Haukupita muda, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakakauka, yakapukutika. Nilimkuta Klementi amesimama chini ya mkorosho na mfuko mtupu, anausoma upya. Simu ya yule bwana ilikuwa haipatikani.

Wenzake Theresia walipopanda basi kwenda chuoni, yeye alikuwa jikoni anamenya mihogo. Baba yake akaketi karibu naye, eti amfariji. Mimi nilikuwepo.

"Mwanangu, angalau tumejifunza kitu. Bio ni..."

"Uhai," alisema Theresia, macho yakiwa kwenye kisu. "Linatokana na bios, la Kigiriki. Tulifundishwa kidato cha kwanza, kipindi cha kwanza kabisa cha baiolojia. Nilikuwa humu humu ndani, baba. Hukuniuliza."

Tangu amwoe dada yangu, sijawahi kumwona Klementi akikosa neno. Siku hiyo alilikosa. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe, ingawa furaha yangu haikumpeleka Theresia chuoni.