Sinaneno na Siku ya Chanjo

Mwaka jana, siku ya kuchanja mbwa pale Segese ilianza saa tatu asubuhi ikaisha saa tatu na robo. Mbwa wanne walikuwa wameshachomwa sindano. Wa tano alikuwa Sinaneno, mbwa wa Deusdedit, mlinzi wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Sinaneno aliwatazama mbwa wenzake waliopanga foleni, akakata kamba, na tangu hapo hapakuwa na foleni. Bwana mifugo alimalizia kazi yake akiwa juu ya paa la gari. Watajiju, mbwa jike wa jirani, alirudi nyumbani bila ncha ya sikio la kushoto.

Mwenye Watajiju ni Mbuke, Mama Frank, ambaye ua wake wa minyaa unapakana na wa Deusdedit. Hakumtukana jirani yake. Aliacha tu kumsalimia, akawa anampita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme.

Mwaka huu tangazo la chanjo lilitoka mwezi mmoja na nusu mapema. Lilisema mbwa atakayekosa chanjo atahesabiwa kuwa hana mwenyewe, na kila mtu alijua mbwa wasio na wenyewe hufanywa nini. Deusdedit alilisoma mara mbili. Tangu mkewe afariki na binti yake Vumilia aolewe Runzewe, Sinaneno ndiye aliyekuwa akila naye.

Akampeleka kwa Mektilda, afisa mifugo mpya, binti mdogo aliyemwamkia shikamoo kwanza ndipo akamtazama mbwa. Wakiwa hapo barazani, mbwa wa mtu akapita barabarani. Deusdedit akaizungusha kamba mara mbili kwenye ngumi na kuivuta. Sinaneno akalipuka kwa kubweka.

“Baba, huyu si mkali,” Mektilda alisema barabara ilipotulia. “Anaogopa. Na wewe ndiye unayemwambia aogope.”

Deusdedit akajibu kwamba hajamwambia mbwa neno lolote. Mektilda akainyooshea kidole ngumi ya Deusdedit, ambayo ilikuwa bado imekaza.

Ndipo Deusdedit akakumbuka na kusimulia kwamba Sinaneno alipokuwa mtoto, mbwa wa nyuma ya buchani walimrarua nusura wamuue. Tangu siku ile Deusdedit amekuwa akimbana kila akiona mbwa mwingine, na wakifika nyumbani anamchapa. Mektilda akamwambia fimbo aiache. Mbwa amwone mwenzake kwa mbali, umbali ambao bado anaweza kula, na akimwona tu apewe kitu anachokipenda. Akikataa kula, wamesogea mno, warudi nyuma. Kamba ilegee. Kisha akasema kwamba watahitaji mbwa mwingine, mpole, wa kufanyia mazoezi.

Mbwa mpole ambaye Deusdedit alimjua alikuwa mmoja tu, Watajiju. Ilimchukua siku tatu kuvuka ule ua wa minyaa.

Mbuke alikuwa anapepeta mchele. Deusdedit akavua kofia.

“Mama Frank, nilipaswa kuja mwaka jana.”

Mbuke akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. “Ulipaswa,” akasema. Deusdedit alipomweleza habari ya mazoezi, akauliza tu waanze saa ngapi.

Ikawa kila asubuhi Deusdedit akitoka lindo wanakutana kwenye uwanja wa mpira. Yeye na Sinaneno goli la huku, Mbuke na Watajiju goli la kule. Sinaneno akitazama ng'ambo, anapewa dagaa. Akitazama tena, dagaa. Wiki ya kwanza hawakusogea hata hatua moja, na watu waliokuwa wakienda machimboni walisimama kuangalia watu wazima wawili na mbwa wawili wasiofanya chochote. Wengine walidhani ni mgogoro wa kiwanja.

Deusdedit aligundua kwamba akimwona Watajiju pumzi inamkatika yeye mwenyewe kabla ya mbwa. Mektilda akamshauri azungumze, maana anayezungumza hupumua. Basi akawa anapaza salamu ya asubuhi ya Kisukuma kuvuka uwanja: “Mwangaluka, Mama Frank.” Mbuke anaitikia: “Mwangaluka.” Mazungumzo yanaishia hapo, lakini kamba inalegea.

Wiki ya tatu wakafika katikati ya uwanja. Siku moja Mbuke aliharakisha, na Sinaneno akarusha meno. Wakarudi magolini wakaanza upya, bila kulaumiana. Wiki ya sita walikuwa wakitembea sambamba, hatua kumi kati yao, wakiongea habari za mvua na za mume wa Vumilia.

Siku ya chanjo hawakukaa foleni. Walisimama pembeni kabisa, na Mektilda akaahidi kuwafuata. Kabla hajafika, mbwa mmoja wa mchuuzi wa mbuzi akachomoka na kuwajia mbio. Manyoya ya Sinaneno yakasimama. Akanguruma. Mkono wa Deusdedit ukaanza kuizungusha kamba.

“Legeza, Baba Vumilia,” Mbuke akasema taratibu, kama anayemwomba chumvi.

Akalegeza. Sinaneno akamtazama yule mbwa, akamtazama Deusdedit, akamtazama tena yule mbwa. Halafu akageuka kudai dagaa wake. Wakaondoka kwa kuzunguka mbali, mchuuzi akamkamata mbwa wake, na Mektilda akamchoma Sinaneno sindano akiwa bado anatafuna.

Shida ikabaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikataa kutia sahihi kwenye cheti cha chanjo. Alisema yeye Sinaneno anamjua, na huyu siye. Deusdedit arudi nyumbani akamlete Sinaneno mwenyewe. Deusdedit akaapa. Mwenyekiti akasema watu huapa. Ikabidi Mbuke amvute Watajiju mbele ya meza na kuliinua lile sikio.

“Mimi ndiye niliyeumiziwa mbwa,” alisema. “Ningemsahau?”

Mwenyekiti akatia sahihi.

Kesho yake Deusdedit alitoka lindo akaenda nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa mazoezi yalikuwa yamekwisha. Akamimina uji. Sinaneno alikuwa amesimama mlangoni, kimya, masikio juu. Nje, hatua kumi hivi, Mbuke alikuwa na Watajiju, ametazama upande wa pili kama mtu anayengoja bodaboda.

“Leo hamtoki?” akauliza.

Deusdedit akasema uji bado wa moto. Akaufunika kwa sahani, akaenda kuchukua kamba.