Shati Lisilo na Mtu

Papa Onésime, mzee wa kijiji, alinusa kola ya shati, kisha kwapa la kulia, kisha la kushoto. Akalikunja taratibu na kumrudishia mwenyewe.

"Mama Christophe, hii shati haina muntu ndani," alisema.

Séraphine hakuelewa mara moja. Lilikuwa shati la bluu, lile ambalo mwanawe Christophe alilivaa Jumapili kabla jeshi halijamchukua na kumpeleka Kivu. Vifungo vyote vilikuwapo, na kola haikuwa na hata doa. Alikuwa amelifua kila Pasaka na kila Noeli, miaka yote ile, ili mwenyewe akirudi alikute tayari.

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Katika kijiji kile cha ziwani, kusini kidogo mwa Kalemie, mtu akifia mbali na mwili wake usirudi, huzikwa nguo aliyotoka jasho ndani yake. Jasho ndilo mwili. Kwa hiyo aliyefiwa hafui nguo ya marehemu. Huifungia sandukuni na uchafu wake wote mpaka siku ya kuizika. Mama wengine wa askari walifanya hivyo. Siku hiyo walikuja na fulana na mashati yaliyokakamaa, wakayalaza katika shimo chini ya nguzo ya ukumbusho ambayo kijiji kilikuwa kikiwajengea vijana wake waliokufa vitani. Papa Onésime alikuwa wa kwanza. Kofia ya mwanawe Edmond ilikuwa bado inanuka kichwa cha Edmond, na mzee yule mkali alilia mbele ya watu bila kujificha.

Lakini Séraphine hakuwa amefiwa. Ndivyo alivyowajibu wote. Mwanawe yuko vitani, atarudi, na anayerudi hupokewa kwa nguo safi. Tena yeye ni mpika sabuni. Sabuni yake ya mawese ilijulikana mpaka sokoni Kalemie. Walimtania kwamba Mama Christophe akikufulia shuka, hata dhambi ulizozitenda humo zitatoka. Huchemsha mafuta, humimina soda kali ya sabuni polepole, hukoroga mpaka mkono ufe ganzi, na haitoi jikoni kabla haijashika sawasawa. Nani angemlaumu kwa kumfulia mwanawe vizuri?

Aliyembadilisha ni Rubens, kijana wa hapo hapo kijijini aliyekuwa kikosi kimoja na Christophe. Alirudi wiki ile na mguu mmoja, akapitia kwa Séraphine kabla hajafika kwao. Hakusema alimwona Christophe akifa. Alisema tu kwamba kilima kilipoanza kuwaka, yeye alibebwa mgongoni, na Christophe alibaki nyuma na bunduki ili wenzake washuke. Baada yao hakushuka mtu. Séraphine alimsongea ugali, akamtazama akila, na kabla sahani haijaisha alikuwa ameshajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu hapo akawa anamwona mwanawe akizunguka vilima vya watu wasiomjua, katika baridi, hana kaburi la kurudia, hana aliyemlilia. Akaona heri kumzika kuliko kumwacha azurure.

Na sasa anaambiwa shati halina mtu.

Alirudi nyumbani mbiombio, akapekua kila kitu: suruali, taulo, foronya, hata shuka la zamani lililokuwa limechanika katikati. Alizamisha uso katika kila kimoja. Vyote vilinuka sabuni. Alimtafuta mwanawe nyumba nzima, na kila mahali akajikuta mwenyewe, mikono yake na kazi yake nzuri. Akakaa sakafuni akalia kwa sauti, akiilaani sufuria, akiilaani mikono. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga mwenyewe, ndoo kwa ndoo.

Pale nguzoni, Cyprien mwashi alikuwa ameshaanza kukoroga simenti. Kazi yake ilikuwa kuliziba shimo, kisha kuandika majina kwa msumari kabla simenti haijakauka. Jina lisilo na nguo haliandikwi. Papa Onésime alilisema hilo mbele ya wote, na hakuna aliyempinga, kwani nani anataka jina la mtoto wake likae juu ya shimo tupu? Séraphine alipotokea tena, watu waligeuka kumtazama. Alikuwa amelivaa lile shati juu ya kitenge chake, nalo lilimbana mabegani.

Hakumsalimu mtu. Alichukua beseni, akateremka ufukweni, akalijaza mchanga, akapanda nalo kichwani hadi kwa Cyprien, akaumwaga, akateremka tena. Jua lilikuwa la utosini. Cyprien alimwambia mchanga unatosha, naye akaenda kuleta mwingine. Wanawake walimsihi apumzike, akawapita. Rubens, aliyekuwa amekaa juu ya matofali na gongo lake mapajani, alikuwa wa kwanza kuelewa, akainamisha kichwa.

"Mama, unatafuta nini?" Papa Onésime aliuliza, akimzuia njiani.

"Jasho."

"Lakini ile itakuwa jasho yako."

"Na yeye alitoka wapi, Papa? Haikuwa mu huu mwili?"

Desturi haikuwa na jibu, maana hakuna mama aliyewahi kuiuliza. Mzee akasogea kando. Séraphine alipanda na kushuka mpaka mgongo wa shati ukaloa kabisa na makwapa yakafanya chumvi, mpaka akawa anayumba, na alipomwaga beseni la mwisho wanawake wakamshika mikono. Wakamketisha. Papa Onésime aliinama juu ya bega lake, akanusa. Kisha akamwashiria Cyprien kwa kichwa.

"Muntu iko," alisema. "Vula shati, Mama. Tumulaze na wenzake."

Cyprien alishika msumari wake. Séraphine alipeleka mkono kwenye kifungo cha juu, akakishika, na mkono ukabaki pale pale. Shati lilikuwa na joto, lilikuwa zito, na lilipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Miaka yote alikuwa amelikunja na kulikunjua likiwa tupu.

"Mama Christophe," mzee alimwita kwa upole. "Simenti inakauka."

"Nikivula," alisema, "hapo njo amekufa."

Mama wengine walitazama chini, kwenye shimo walimolaza watoto wao. Cyprien aliuweka msumari chini, akachota maji kidogo kwa kiganja, akayanyunyizia simenti, akaanza kuikoroga tena, polepole.