Nyota ya Chifu Chimtengo

Nambewe alikuwa akimega tonge la nsima uani pake mbingu ilipopasuka. Mpira wa moto, mweupe kisha wa kijani, ulikatiza juu ya vilima vya Dedza. Kuku wakashuka mtini wakidhani kumekucha, na kivuli cha kinu kikazunguka kinu. Punde kikaja kishindo, masufuria yakatikisika.

Ajabu tupu! Lakini mwanawe Masauko hakushughulika na mbingu. Macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya mjomba wake, Chifu Chimtengo, aliyekuwa hoi kitandani tangu mavuno.

"Nyota ya chifu imeanguka!" akapiga ukelele. "Mjomba ametutoka!"

"Mlango wake ule pale. Nenda kabishe hodi," Nambewe alimwambia.

"Mama nawe! Nani asiyejua kwamba moto wa namna hii huanguka chifu akifa? Hodi ya nini? Sasa kijiji ni changu."

Kwao kiti humwendea mtoto wa dada, na dada ndiye anayemtaja mrithi. Dada mwenyewe ni Nambewe, na Jumamosi iliyokuwa inakuja alikusudia kumtaja Masauko mbele ya ukoo. Sasa alilitazama jitu zima la miaka arobaini likihangaika na koti, vifungo vimekwenda upande. Hata fisi hungoja mnyama afe kwanza.

Masauko akaivamia ngoma ya msiba, akaipiga kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzionyesha shambani. Watu wakamiminika, wanawake wameshika vichwa, naye akaanza kuwapangia: wewe kuni, wewe maji, wewe peleka habari ng'ambo ya mto. Machozi hata tone! Amri tu, tena kwa sauti nene aliyoiazima sijui wapi.

Mlango wa chifu ukafunguka. Mzee akatoka akijikongoja, blanketi begani. Ngoma ikanyamaza.

"Nasikia ngoma," alisema kwa taabu. "Nani amekufa?"

Masauko akachekacheka kipumbavu. "Mjomba, ile nyota... sisi tulidhani..."

"Funga mdomo," Nambewe alisema. Alimzaa mwenyewe, na bado alimwonea kinyaa. Akapiga magoti mbele ya kaka yake.

"Aliyekufa ni mrithi wako, kaka. Nitakutafutia mwingine."