Nusu Anapoanguka

Mdomo wangu hauna breki, hilo kila aliyewahi kupanga nyumba moja nami analijua. Nimegombana na walimu, nimegombana na madaktari, nimegombana na wauza dawa wanaotangaza dawa ya mtu foleni nzima isikie. Wifi yangu nilimtoa nyumbani chakula hajamaliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakula chakula changu, akamtazama binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, akasema, "Mtoto huyu nusu yake si yenu. Nusu yake ni ya shetani." Nikamwambia ainuke. Akadhani natania. Loo, alishuka ngazi viatu mkononi.

Ndiyo maana haya ninayosimulia yananitia aibu.

Binti yangu ana kifafa. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Hata akipiga mswaki anaongea. Sasa ana miaka kumi na sita. Kabla hajaanguka anasikia harufu ambayo sisi wengine hatuisikii, harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Halafu anaona vimwanga vidogo pembeni mwa macho, halafu basi, hayupo. Tulikubaliana zamani kwamba akiisikia harufu hiyo aseme neno moja tu, "Pasi," nami niache chochote nilichoshika. Nimeacha sufuria jikoni, nimeacha simu mtu akiwa bado anaongea, siku moja nilitoka bafuni na povu kichwani. Namlaza kwa ubavu, natia kiganja chini ya kichwa chake kisigonge sakafu, nahesabu. Nahesabu kwa sababu daktari anataka kujua imechukua muda gani. Mara nyingi nafika tisini. Baba yake hakuweza kufika hata kumi. Alienda kutafuta kazi mji mwingine akasahau njia ya kurudi.

Kazi yangu ni kuandika hadithi za gemu. Tuko watano kwenye chumba kimoja, ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, na kila dirisha likifunguliwa tunanukia kuta mpya. Mchoraji anachora, fundi wa kompyuta anaifanya michoro itembee, fundi wa sauti anaipa sauti. Mkuu wetu, tunayemwita Presha, anazunguka na kikombe akiuliza tumefika wapi. Mimi naeleza shujaa ametoka wapi na anaweza nini. Ukutani Presha amebandika karatasi: KILA NGUVU NA MAUMIVU YAKE. Yaani usimpe shujaa uwezo wowote bila kumnyang'anya kitu.

Mwaka jana aliagiza shujaa aliye nusu binadamu, nusu shetani. "Nataka nguvu ambazo hakuna mtu amewahi kuziona," akasema. Siku nne nikaandika upuuzi: moto mkononi, mabawa, makucha. Mchoraji akaniuliza kama natunga shetani au natunga jogoo. Siku ya tano niliandika kila kitu bila kuinua kichwa.

Shujaa nikamwita Nusu. Mama yake alikuwa dobi. Shetani alitoka kwenye mvuke wa maji yake ya moto, akakaa naye msimu mmoja, akaenda zake. Mtoto akazaliwa na mapembe mawili madogo, watu wa mtaa wakafunga milango. Nguvu yake ya kwanza ni harufu: kabla adui hajatokea, Nusu anasikia nguo inaungua chini ya pasi. Ya pili ni vimwanga, vinavyomwonyesha milango pale ambapo wengine wanaona ukuta. Ya tatu ndiyo kubwa. Maadui wakimzidi, Nusu anaanguka. Skrini inakuwa nyeusi sekunde saba, kimya kabisa. Ikirudi, maadui wote wamelala chini, naye ameuma ulimi, hakumbuki lolote. Hayo ndiyo maumivu yake, kwamba katika kila ushindi wake mkubwa yeye mwenyewe hakuwepo.

Presha alisimama akapiga makofi. Nami nilijivuna, sifichi. Nilijiambia kwamba kile watu wanachomchekea mwanangu nimekigeuza upanga. Sikumwambia yeye. Nilitaka kwanza gemu ikamilike.

Lakini kuna sentensi moja sijaitaja. Wiki ile Chiriku alikuwa ameanguka mara nne, mara moja kwenye ngazi za shule, na mimi sikuwa nimelala usingizi wa maana siku zote hizo. Siku ile ya tano nilifika kazini, nikakaa, na sentensi ya kwanza kabisa niliyoandika ilikuwa hii: "Mama yake alikufa siku aliyomzaa." Niliegemea kiti nikasikia mabega yanashuka. Niliona raha. Sikujiuliza raha hiyo inatoka wapi, nikaendelea na kazi.

Sasa, kabla hatujakabidhi gemu, tunamwita mtu ambaye hajawahi kuiona, tunamkalisha acheze, sisi tunasimama nyuma yake na madaftari. Sheria ni moja: nyuma ya mchezaji hakuna kusema. Apotee, akosee, akasirike, wewe unaandika tu, maana ukimsaidia hutajua kama gemu inajieleza yenyewe. Jumanne ile mgeni wetu hakutokea. Shule zilikuwa zimefungwa, na Chiriku alikuwa ameniletea miwani niliyoisahau nyumbani, yuko mlangoni anamuuliza mchoraji maswali kumi kwa pamoja. Presha akasema, "Huyu huyu anatosha." Daktari alishampima, mwanga wa skrini haumdhuru. Ningeweza kutunga sababu nyingine ya kukataa. Lakini nilifikiri, acha nimwone akifurahi.

Akakaa. Picha za mwanzo zikapita naye akizisomea kwa sauti kama kawaida yake. "Jamani, mapembe! Mazuri hayo!" Fundi wa sauti akatabasamu. Kisha ikaja picha ya kaburi, akasoma, "Mama yake alikufa siku aliyomzaa," na sauti yake ikapungua kidogo. Nusu akaingia mtaani. Chini ya skrini yakatokea maandishi: Nusu anasikia harufu ya nguo inayoungua chini ya pasi.

Mikono yake ikatoka kwenye vitufe. Mimi nilikuwa naona shingo yake tu. Harufu ile duniani alikuwa ameniambia mimi na daktari, basi. Nikataka kusema, mwanangu, subiri nikueleze, lakini Presha alishanikazia macho, kidole mdomoni. Mimi ambaye sijawahi kunyamazishwa na mtu, siku hiyo nilinyamaza.

Akaendelea kucheza. Vimwanga vikaja. Maadui wakamzunguka, Nusu akaanguka, skrini ikawa nyeusi. Iliporudi, Chiriku akauliza bila kugeuka, "Akianguka, nani anamshika kichwa?"

Wote wakaandika. Presha alipigia swali lile mstari mara mbili, kwake lilikuwa swali zuri.

"Asanteni," Chiriku akasema. "Gemu yenu ni nzuri." Akaweka miwani yangu mezani, akashuka ngazi.

Jioni nilimkuta anakunja nguo. Nikaanza kujieleza, maneno mengi, kwamba nilitaka kumpa heshima, kwamba watu watampenda Nusu. Akasema, "Sawa, mama." Siku mbili nzima nilipata "sawa" na "ndiyo" na "nimeshiba." Mswaki akapiga kimya. Nilizunguka nyumba ile nikigombana na sufuria. Nilijua kosa langu, au nilidhani nalijua: maneno ya wifi yangu, niliyomtolea nje, nimeyaandika mimi kwa mkono wangu na kuyapamba kwa picha. Nilijipanga kumwomba msamaha kwa hilo.

Alhamisi mchana nilikuwa sebuleni, naye jikoni, hatua sita kati yetu. Nikasikia kishindo. Nilipofika alikuwa ameshagonga ukingo wa jiko, nyusi imepasuka, damu imeingia sikioni. Nikamlaza kwa ubavu, nikahesabu. Mia moja na kumi na mbili. Alipozinduka na kunitambua, nilikuwa nimeshaifunga nyusi kwa kitambaa na hasira imenipanda hadi kooni, hasira ya woga.

"Harufu ilikuja?"

"Ilikuja."

"Kwa nini hukusema pasi? Niko hapo tu! Hatua sita!"

Baada ya kuanguka maneno humjia polepole. "Nilitaka upumzike," akasema.

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

"Chiriku, kama ni lile jambo la shetani, nisamehe. Nalifuta. Kesho nalifuta lote."

"Ushetani sina shida nao, mama. Mapembe yake mazuri." Akafumba macho. "Mbona umemuua mama yake?"

Hapo ndipo mdomo wangu usio na breki ulipokwama. Ningeweza kusema ni mtindo wa hadithi, mashujaa wengi ni yatima. Ni kweli, na Presha angenitetea. Lakini alikuwa amefumbua jicho moja, lile lingine limevimba, ananitazama, na mtoto huyu nimemfundisha mimi kutambua mtu anayedanganya.

"Nilichoka," nikasema. "Wiki ile nilichoka hadi nikatamani nisiwepo. Nikaandika sentensi ile nikaona raha. Sikujua kwamba niliyekuwa namzika ni mimi mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa bado nimechoka. Lakini ulipoanguka hapa bila kuniita, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Usinifanyie hivyo tena. Kuchoka kwangu niachie mwenyewe, nitalala Jumapili. Wewe niite."

Akageuza uso ukutani. Nikajua kwamba maneno yangu ameyasikia na hajayaamini, na kwamba akianguka tena sitajua kama ataniita.

Ijumaa nilimvaa Presha kabla hajaweka kikombe mezani. Nikamwambia mama yake Nusu hafi. Akaniuliza kama nina homa. Kaburi limeshachorwa, mtaa wa yatima umeshachorwa, Jumatatu jioni tunakabidhi. Mchoraji akasema akichora tena mstari mmoja mkono utadondoka. Nikapandisha sauti, wakapandisha, hadi muuza rangi wa chini akapanda kutugongea mlango kwa mpini wa fagio. Fundi wa sauti, ambaye kwa siku husema maneno matano, akasema, "Pale kwenye giza hakuna mchoro."

Tukamtazama.

"Sekunde saba nyeusi. Hazihitaji mchoraji. Zinahitaji sauti."

Tukaingia stoo, anapotundika mablanketi kuzuia mwangwi. Akanipa kipaza sauti akaniuliza nataka kusema nini. Nikamwambia sijui. Akasema, "Sema unachosema siku zote akianguka." Nikapiga magoti kwenye saruji, kwa sababu nikiwa nimesimama maneno hayakuja, nikatandaza kiganja sakafuni, nikasema. Mara moja tu. Nilipotoka, kaburi nililibadilisha kwa sentensi moja, bila kugusa mchoro: watu wa mtaa walimwambia Nusu kwamba mama yake yumo humo, naye hajawahi kuhakikisha. Presha alisoma, akanywa chai yake, akasema hii sasa inauma zaidi. Nikamwambia haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria kwa miaka yote ile. Maneno yangu yale Chiriku hajawahi kuyasikia. Wakati nayasema, yeye hayupo.

Jumatatu asubuhi nilimwomba aje. Alikuja, plasta kwenye nyusi. Akakaa, akavaa spika za masikioni, sisi tukasimama nyuma na madaftari. Alipita picha za mwanzo bila kusoma kwa sauti. Kwenye kaburi alisimama kidogo. Akaingia mtaani, akawaacha maadui wamzunguke, hakupigana hata kidogo. Nusu akaanguka. Skrini ikawa nyeusi.

Sisi nyuma hatukusikia kitu. Niliona tu shingo yake ikikakamaa, halafu mkono wake ukapanda na kuibana ile spika ya kulia sikioni. Skrini ikarudi. Akamrudisha Nusu mtaani, akamwangusha tena. Na tena. Mara ya nne Presha aliacha kuandika.

Akavua spika. "Ndivyo unavyosema?" akauliza, bado anatazama mbele.

Nyuma ya mchezaji hakuna kusema. "Kila mara," nikasema.

"Hata ukiwa umechoka?"

"Nikiwa nimechoka nasema kwa sauti zaidi, nisisinzie."

Akacheka kidogo, puani. Hakuna zaidi ya hapo. Akachukua mkoba wake, akawaaga mmoja mmoja, akamwambia mchoraji kwamba pembe la kushoto limepinda. Mimi nilikuwa bado sijui kama nimerudishiwa kitu. Nikamsindikiza. Tukaipita ghorofa ya pili, tukaipita ya kwanza, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba makaratasi ya kukabidhi na miwani mkononi. Akasimama katikati ya ngazi, akashika ukuta.

"Mama," akasema. "Pasi."

Makaratasi yalishuka ngazi peke yake hadi mlangoni kwa muuza rangi, miwani sijui ilikwenda wapi. Nilimpokea kabla magoti hayajamwishia nguvu, nikamketisha, nikamlaza kwa ubavu kwenye kibaraza cha ngazi, nikatia kiganja chini ya kichwa chake. Macho yake yalikuwa bado yananiona kidogo.

"Nipo," nikasema. "Moja. Nipo, mama. Mbili. Nipo."