Sauti ya Chini

Katika ukoo wa Pelling nyimbo ziligawanywa kama mashamba. Reuben alirithi sauti ya juu kutoka kwa baba yao, na mdogo wake Thirza akapewa ya chini, ya mama. Kila ubeti Reuben aliuanza peke yake, Thirza akaingia mstari wa pili. Wanakijiji walisikiliza tu, maana wimbo wa watu hauimbwi. Hata ndani ya ukoo, sauti ya mtu haikuchukuliwa angali hai. Aliyeiwahi alionekana anamchimbia mwenzake kaburi.

Majira ya baridi mapafu ya Reuben yalimlaza kitandani. Akamwita dada yake.

"Kaa hapa, Thirza. Nikupe wimbo wa mchunga kondoo, sauti yangu."

"Utauimba mwenyewe Krismasi."

"Krismasi nitakuwa nimelala kule nyuma ya kanisa. Sikiliza."

"Kunywa supu yako kwanza, inapoa."

"We mwanamke una kichwa kigumu."

"Na wewe una mdomo mrefu kwa mgonjwa. Kunywa."

Reuben akaanza kuimba hivyo hivyo, kwa pumzi za kuokoteza. Thirza akainuka, akachokoa makaa, akagongagonga birika jikoni, akafanya kila kelele anayoweza kufanya mwanamke mwenye kazi, mpaka kikohozi kikamkata kaka yake. Kwa akili yake, maadamu hajaipokea sauti ile, Reuben hawezi kwenda popote. Mapenzi yana upumbavu wake, na huu ulikuwa mkubwa.

Reuben akafa wiki ileile.

Baada ya maziko watu walijaa baa kama desturi, bia mkononi na nyama ya nguruwe mezani. Jabez Tuppen, mwenye baa, akagonga kaunta.

"Haya, Bi Thirza. Wimbo wa mchunga kondoo. Sasa ni wako."

Thirza akasimama. Kichwani aliusikia wote, kwa sauti ya Reuben, kona zake zote. Akafungua mdomo, koo likakimbilia chini, mahali lilipozoea tangu utotoni. Akajaribu tena. Ikatoka ileile, sauti ya kuitikia, na wa kuitikiwa hayupo.

Mwishowe akafanya alichokijua. Aliuacha mstari wa kwanza upite kimya, akaingia wa pili, na beti zote akaziimba hivyo. Watu walidhani anamwachia marehemu nafasi yake. Wanaume wazima walilia.

"Sijasikia maombolezo mazuri namna hii," Tuppen akamwambia.

Thirza alitamani kummwagia bia usoni.

Keziah, binti wa Reuben, alikuwa amekuja kuzika kutoka London, alikohamia kabla hajajifunza hata wimbo mmoja. Kesho yake alimfuata Thirza jikoni.

"Shangazi, nifundishe ule wa baba. Kila nilipokuja nilimwambia mwakani, mwakani."

"Nitakufundisha nilicho nacho."

"Si ndio huohuo?"

"Kaa, mwanangu."

Msichana alikuwa na sikio la ukoo, hilo halikuwa na ubishi. Kabla chai haijapoa mara ya pili alikuwa amezishika beti zote. Kwa mara ya kwanza tangu mazikoni akatabasamu, na tabasamu lilikuwa la Reuben mtupu. Thirza akaona uchungu kulitazama.

"Sasa nipe mwanzo," Keziah akasema. "Ule mstari wa kwanza, baba aliuimbaje?"

Thirza akajaribu, ikatoka tena ile ya chini. Akalitazama birika juu ya jiko.

"Alitaka kunifundisha," akasema. "Nilikuwa napiga kelele."

Keziah akamjazia kikombe. Baadaye wakaimba tena, wote wawili sauti ya chini, na mwanzoni mwa kila ubeti walinyamaza pamoja wakingoja.