Goti la Mabruki

...na kama anaomba mvua basi aseme anaomba mvua tujue, lakini mwalimu wa shule ya serikali kupiga magoti katikati ya uwanja, Tabora nzima inatazama, vijana wamemzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama, hiyo siyo mvua, mimi Selemani mchana nashona kanzu na siku za sikukuu nachekesha watu jukwaani, namjua mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma akijifanya kapotea njia, mwenyewe nimemwigiza mara ngapi, na huyu Mwalimu Yoramu anaigiza kunishinda, macho kayafumba, kofia kaiweka kifuani, kipara kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na refa, yule Mzungu wa reli, kipenga kakishika tu mkononi, anamngojea amalize, anamngojea!... na mwanangu Mabruki yumo mle, katikati ya migongo ile, golikipa, na mimi hapa nyuma ya kamba sioni kitu isipokuwa matako ya beki wa kulia, pandikizi la mtoto, kaniziba kama gunia la karanga, sogea wewe, sogea kidogo nimwone mwanangu, kasimama au kapiga goti? "Mtani," ananiambia Kashindye hapa ubavuni, "leo cherehani yako imepata msaidizi," na anacheka mpaka meno ya mwisho, Mnyamwezi huyu muuza asali, na mimi babu yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja huku na misafara akaona mbali kurudi pwani, basi Kashindye ana ruhusa ya kunitukana hai na maiti, na maiti ndiyo atanitukana zaidi, nitakuwa sijibu... "Subiri," namwambia, "mpira haujaanza." "Mimi sikuja kuangalia mpira, mtani, nimekuja kuangalia ulimi wako," na kweli, juzi barazani, kikombe cha kahawa mkononi, mbele yake na mbele ya watu, nilisema Mabruki akipiga goti na mwalimu yule basi shule imekwisha, kesho yake anakaa kwenye cherehani anashona vifungo, wallahi, nikasema wallahi, na wallahi ikishatoka haimezwi, ina mifupa...

ila nilisema kwa sababu, mimi si mwehu, Bwana Mkubwa wa shule mwenyewe alitukusanya wazazi akatuambia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, shule hii ni ya serikali, haina msikiti haina kanisa, Alhamisi anakuja mchungaji, Ijumaa anakuja maalimu, kila mtoto na chumba chake, na mlango unafungwa, nikapiga makofi mimi wa kwanza, nikasema hapa ndipo, hapa mtoto ataingia Mabruki atatoka Mabruki, tena atatoka na kalamu mfukoni, sasa uwanja una mlango gani? uwanja unafungwa wapi? hapo ndipo alipopaona Yoramu, mjanja, hakugusa chumba, kaja kwenye nyasi, nikamfuata pale langoni nikamwuliza kwa adabu, "Mwalimu, ile sala ni ya nani?" akanijibu kwa sauti ya maziwa ya uvuguvugu, "Ni yangu, Bwana Selemani, mimi naomba peke yangu, wao wanakuja wenyewe," wanakuja wenyewe!... hata nzi huja mwenyewe kwenye asali, muulize Kashindye, na nani anayechagua timu? ni yeye, nani anayesema wewe cheza wewe kaa? ni yeye huyohuyo mwenye magoti, mtoto wa jirani yetu Maua, winga wa kushoto, miguu ya swala, siku moja kwenye mazoezi hakwenda kwenye duara lile, alikaa pembeni akinywa maji, mechi iliyofuata, ile ya Usoke, kawekwa nje, kafunikwa blanketi, "ana homa," anasema Yoramu, homa gani inatafuna muwa? na leo tena yule pale, kafunikwa, anatafuna... Maua mwenyewe kaniapia kwamba mwanawe kweli alitetemeka usiku kucha, meno yanagongana, lakini Maua naye ni mtu wa kutetea watu, ukimwibia kuku atakwambia kuku alikuwa mzee...

"Ee Baba, utulinde," sauti ya Yoramu inafika vipande vipande, upepo unachukua nusu unatuachia nusu, "...miguu yetu... na miguu ya wenzetu wa upande ule..." na wa upande ule, vijana wa shule ya mapadri, wao wameshafanya ishara yao ya msalaba wamemaliza, wanarukaruka kupasha miili moto, na hao sina ugomvi nao hata kidogo, ukienda kwa mapadri ukakuta msalaba utashangaa nini, ni kama kuja kwangu ukashangaa kukuta uzi, ninayemwogopa ni huyu asiye na bango mlangoni, kwa sababu kwetu mambo yalianza hivihivi, yalianza na mpira, ndugu yangu mdogo alikuwa hajui tofauti ya padri na posta, alichojua ni kwamba kule kwa mapadri kuna mpira wa ngozi wa kweli, siyo sisi na matambara yetu yaliyofungwa kamba, akaenda kuupiga teke mara moja tu, halafu wakamwambia wanaocheza ni wale wanaokuja darasani, akaenda darasani, halafu siku moja kaja nyumbani anaitwa Sylvester, Sylvester! mama akawa anajaribu kulitamka, linamteleza mdomoni kama bamia, na mama alipokufa, Sylvester kaja na treni kutoka Dodoma, viatu kavua kavishika mkononi, akatembea nyuma kabisa ya jeneza, baba hakumpa zamu ya kubeba, hakumfukuza wala hakumkaribisha, alimwacha tu nyuma kule anakula vumbi letu, na aliporudi kwake hakuandika tena, basi mtu aliyeona hayo mwambie asishuku, mwambie akae atabasamu, "...tusivunjike, tusichukiane tukishindwa... amina," na mdomo wangu, huu mdomo wangu mwenyewe niliozaliwa nao, ukafunguka, "ami..." astaghfirullahi, nikaikamata katikati nikaigeuza kikohozi, nikakohoa mpaka machozi, "Vumbi?" anauliza Kashindye, "Vumbi," nasema, "Vumbi la leo linasema amina," ananijibu, na mimi nimezoea tu, sikio likisikia mtu anaomba watoto wasivunjike miguu mdomo unajibu wenyewe, sasa nimkane? niseme hapana, wavunjike?...

hajamaliza, nilidhani kamaliza, kumbe ile amina ilikuwa ya kupumzikia, kaanza tena, ni Mmoraviani huyu, na Wamoraviani kwa sala ndefu hawajambo, refa anatazama saa yake, na sasa beki wa kulia, Mungu mwema, kainama mbele kidogo, gunia limelala upande, na pale katikati ya kiwiko na mbavu namwona, namwona Mabruki, na hakusimama... na hakupiga goti, kachuchumaa, goti moja liko juu, jingine linaning'inia shibiri moja kutoka mavumbini, limekataa kushuka limekataa kupanda, na kwa mkono kaushika unyayo, anachokonoa, ana mbigili! mtoto kakanyaga mbigili, uwanja huu umejaa mbigili na wote wako peku, alhamdulillahi kwa mbigili, mwiba mtakatifu, "Unaona?" namwambia Kashindye, "anatoa mwiba, hakupiga goti," "Na hakusimama," anasema Kashindye, hacheki tena, ananitazama... na mimi natazama zaidi, na ufundi wangu wa jukwaani, laana ya ufundi, unaninong'oneza, Selemani, mwenye mbigili hukunja uso kwanza ndipo akautazama unyayo, huyu uso wake mkavu, na unyayo hautazami, vidole vinachokonoa hewa, macho ndiyo yanafanya kazi, yanakwenda kwa mwalimu, yanarudi, yanakuja huku kwenye kamba, kichwa kwa kichwa, yananitafuta... hakuna mwiba, mtoto anaigiza, anaigiza vizuri sana, jukwaa zima linatazama na yeye kapata mkao ambao mwalimu akifumbua macho ataona goti na baba akiangalia ataona mwiba, nani kamfundisha? nani mwingine katika mji huu...

asubuhi aliniambia, "Shikamoo baba, utakuja?" "Marahaba, nitakuja," "Utasimama upande gani?" nami nikavimba kama andazi, nikasema karibu na kamba, katikati, utaniona, nikadhani anataka kuniona akidaka mpira, kumbe alikuwa anapima ukumbi, anataka kujua watazamaji wako wapi ndipo apange uso, ile juzi ya barazani ilimfika, neno lolote la barazani humfika mtoto kabla kahawa haijapoa, basi yuko pale, miaka kumi na sita, huku kuna mtu atamnyima fulana na huku kuna mtu atamnyima kitabu, na huyu wa huku ndiye aliyeapa, Yoramu hajaapa, labda Yoramu hata hahesabu nani kaja na nani hakuja, labda mtoto wa Maua ana homa kweli, sijui, bado simwamini, kipara kile sikiamini, lakini wa kuogopwa wako wawili na mmoja kavaa kofia yangu... na kama anaigiza hapa, anaigiza wapi tena? alfajiri anaposali nyuma yangu, na hapo nako kuna mbigili? sijui, sijawahi kumwona anavyosali, imamu hageuki nyuma kukagua nani kainama, anawapa mgongo, anasema Allahu akbar anawaacha na Mungu wao, miaka yote nimempa mwanangu mgongo na hakwenda popote, leo nimekuja kumtolea macho naye kaning'inia shibiri moja juu ya ardhi, miguu inamtetemeka, naiona, hawezi kukaa vile zaidi ya hapo, na mwalimu anaendelea, "...na wazazi wetu waliokuja kututazama..." na mchekeshaji hashuki jukwaani wakati watu bado wamekaa, hilo nalijua, sharti mtu mmoja aanze kuondoka, basi, basi Selemani, nikageuka, nikaupa uwanja mgongo, nikawa nawatazama watazamaji wenzangu, sura na sura na sura, wote macho yao yananipita wanatazama kule, mama mmoja kaacha kumenya karanga, mtu mzima mmoja kanyanyua shingo, kuna kitu wanakiona, "Mtani, umegeukia wapi, uwanja uko huku!" "Najua uliko," "Kashaamua, mtani, kijana kashaamua, nikwambie?" na mshipa wa shingo unanivuta kama kamba ya ndoo, geuka, geuka mara moja tu, "Kashindye," namwambia, "ukiniambia, utani wetu umekwisha leo, wa babu yangu na wa babu yako," akafunga mdomo, Kashindye, akaufunga, na nyuma yangu sauti ya Yoramu bado inakwenda na upepo, kipenga bado hakijalia, na katika uwanja mzima ni mimi peke yangu nisiyejua.